Sura za Kuazima katika Sinema

Mtu aketiye jioni katika kibanda umiza cha Katoro, au cha Kakola ubavuni mwa mgodi wa Bulyanhulu, au cha mtaa wowote wa Kahama ambako wachimbaji hupumzika baada ya kutoka duarani, huona jambo ambalo kwake ni la kawaida kabisa, nalo ni kwamba steringi wa picha, yule ambaye watazamaji humwombea asife na kumpigia makofi amshindapo adui, aghalabu ni Mhindi, au Mchina, au Mkorea. Hakuna ashangaaye. Kijana mwenye vumbi la karasha katika nyusi zake humfuata shujaa huyo kwa moyo wote, humwonea huruma afiwapo, humkasirikia akosapo, na picha imalizikapo hutoka nje akimtaja kwa jina kana kwamba ni jirani yake wa Nyarugusu.

Mazoea haya yana nasaba ndefu. Tangu zama za ukoloni majumba ya sinema ya Tanganyika na Unguja yalikuwa karibu yote mali ya Waasia waliozaliwa au kulowea hapa, na picha kutoka Bombay zilipendwa na watazamaji wa rangi zote. Awaara ya mwaka 1951, na Mother India ya mwaka 1957, ziliwaliza watu wasiojua hata neno moja la Kihindi, kwa sababu masaibu ya mama mkulima aliyezongwa na deni la mkopeshaji hayakuhitaji mkalimani katika nchi ya wakulima wa pamba. Baadaye, majumba yale yalipofifia na kanda za video zikaenea hata vijijini, walitokea wafasiri watiao sauti zao juu ya picha, wakiwasemea watu wote waliomo, wanaume kwa wanawake, na jina la Lufufu likavuma vibandani nchi nzima. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, nayo ikapendwa kiasi cha kutajwa na Rais Xi Jinping katika hotuba yake ya Dar es Salaam ya mwezi wa Machi, 2013. Mtazamaji wa Kanda ya Ziwa, basi, amekulia katika dunia ambamo uso wa Mwasia ni uso wa mtu kamili, mwenye mapenzi, ghadhabu, heshima na ila zake.

Kwa ajili hiyo huenda akastaajabu kuambiwa kwamba katika sinema yenye nguvu kuliko zote duniani, ile ya Hollywood huko Marekani, kwa muda wa miongo mingi Mwasia aghalabu hakuruhusiwa kuwa steringi hata katika hadithi yake mwenyewe, na kwamba ilipohitajika sura ya Mchina au ya Mhindi, aliitwa Mzungu, akatiwa rangi usoni, akavutwa kope kwa gundi, akafundishwa kusema kwa lafudhi ya kubuni, kisha akapewa nafasi ile na ujira wake.

Kisa kilicho bayana kuliko vyote ni cha Anna May Wong. Bibi huyu alizaliwa Los Angeles mwaka 1905, katika jiji lile lile ambamo picha zilitengenezwa, akaanza kuigiza tangu ujana wake enzi za picha zisizo na sauti, na sifa zake zikafika Ulaya. Kampuni ya MGM ilipoazimia kutengeneza picha ya The Good Earth kutokana na riwaya ya Pearl Buck juu ya mkulima wa Kichina na mkewe, watu wengi walidhani kwamba nafasi ya mke yule mvumilivu, O-Lan, ilikuwa imekwisha kumpata mwenyewe. Lakini nafasi ya mume ilikuwa imepewa Mzungu, Paul Muni, na kanuni za maadili za makampuni ya picha za wakati ule zilikataza kuonyesha mapenzi ya watu wa rangi mbalimbali. Na kwa kuwa mume alikuwa Mchina wa kupakwa rangi tu, ilihesabiwa kwamba Mchina wa kweli hawezi kuwa mkewe. Nafasi ya O-Lan alipewa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani, ambaye aliipatia tuzo ya Oscar. Anna May Wong alipendekezewa nafasi ya Lotus, mwanamke mshawishi avunjaye nyumba, naye akakataa, kwa kuwa hakutaka, yeye peke yake mwenye damu ya Kichina miongoni mwa wakuu wa picha ile, awe ndiye mwenye kubeba uovu wake. Mwaka 1936 alisafiri kwenda China kuitazama nchi ya wazee wake.

Nimekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndani yake mna utaratibu wote wa dhuluma hii. Kwanza nafasi kubwa hutolewa kwa mgeni; kisha ugeni wake hufanywa hoja ya kuwafungia mlango wenyeji; na mwisho wenyeji hubakishiwa nafasi za aibu, ili mtazamaji akitoka ukumbini aamini kwamba wema wa Mchina ni wa Mzungu aliyejipaka rangi, bali hila ni za Mchina mwenyewe.

Yaliyofuata ni mfululizo wa jambo lile lile. Mwaka 1956 John Wayne, mpanda farasi wa picha za Marekani, aliigiza Genghis Khan wa Wamongolia katika The Conqueror. Bwana huyo huyo hakuchukua miaka mingi akaja hapa kwetu Tanganyika, penye Momella na Manyara, kupiga picha ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. Na ingawa jina lake ni la Kiswahili na ardhi yake ni yetu, wakuu wake wote ni wageni, na wenyeji wamekaa pembezoni wakishika kamba na kuendesha wanyama. Mwaka 1961 Mickey Rooney alitiwa meno ya bandia akafanywa Mjapani wa kuchekwa katika Breakfast at Tiffany's. Na asidhani mtu kuwa hayo ni ya kale tu, maana mwaka 2015 Emma Stone alipewa nafasi ya mwanamke mwenye asili ya Kichina na ya Kihawaii katika Aloha, na mwaka 2017 Scarlett Johansson akapewa nafasi kuu ya Ghost in the Shell, hadithi iliyozaliwa Japani. Michelle Yeoh wa Malaysia alipotwaa Oscar ya mwigizaji bora wa kike mwaka 2023, tuzo ile ilikuwa imekwisha kutolewa kwa zaidi ya miaka tisini.

Watengenezaji wa picha wakiulizwa sababu, jibu lao huwa ni fedha. Husema kwamba picha ni biashara ghali, kwamba watu hununua tikiti kwa ajili ya uso waujuao, na kwamba hakuna uso wa Mwasia ujulikanao kiasi cha kurudisha mtaji. Hoja hii ina sura ya busara, ila ukiichunguza huiona inajila yenyewe: uso haujulikani kwa sababu haukupewa nafasi, na haupewi nafasi kwa sababu haujulikani. Mira Nair, mwongozaji wa picha mwenye asili ya Kihindi ambaye ameishi Kampala miaka mingi, aliionja hoja hiyo alipokuwa akitafuta fedha za Mississippi Masala, picha ya mwaka 1991 juu ya Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na juu ya mapenzi ya binti yao mmoja na Mmarekani mweusi. Amesimulia kwamba mtoa fedha mmoja alimtaka atafute nafasi ya Mzungu awe mkuu katika hadithi, naye akamwahidi kwamba wahudumu wote wa meza watakuwa Wazungu. Fedha alizipata kwingine, binti akaigizwa na Sarita Choudhury, baba na Roshan Seth, na sehemu ya Uganda ikapigwa Uganda kweli. Kwa rai yangu hiyo ni miongoni mwa picha chache zilizowaonyesha Waasia wa Afrika Mashariki kama watu wenye nchi, wapendao udongo walionyang'anywa.

Watu wa nchi hizi wana hisa kubwa katika habari hii kuliko wanavyofikiri. Mwigizaji ajulikanaye kwa jina la Ben Kingsley, aliyepata Oscar kwa kumwigiza Gandhi katika picha ya mwaka 1982, alizaliwa Uingereza akaitwa Krishna Bhanji. Babu yake alikuwa mfanyabiashara wa viungo aliyehama Bara Hindi akaja Unguja, na baba yake alikulia huko kabla ya kwenda Uingereza akiwa kijana wa miaka kumi na minne. Jina la ukoo aliliacha kwa kuchelea kwamba lingemfungia milango ya kazi, na milango ikafunguka alipojiita kwa jina la Kizungu. Hivyo mjukuu wa mfanyabiashara wa Unguja ilimpasa kwanza aonekane si Mhindi ndipo apewe nafasi ya Mhindi mashuhuri kuliko wote wa karne ile.

Kadhalika yuko Farrokh Bulsara, Mparsi aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba, 1946, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Freddie Mercury. Picha ya maisha yake, Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018, ilimpa nafasi hiyo Rami Malek, Mmarekani aliyezaliwa na wazazi wa Misri, naye akaifanya kwa ustadi uliomletea Oscar. Wazazi na dada wa Freddie waliigizwa na watu wenye asili ya Kihindi, jambo la kushukuriwa. Hata hivyo hadithi yenyewe inamkuta shujaa akiwa kijana wa London tayari. Unguja haionekani, shule ya bweni ya Panchgani haionekani, na Mapinduzi ya mwaka 1964 yaliyoihamisha familia ile hayaonyeshwi. Dhara ni kubwa, maana mtu anaweza kupewa mwigizaji mwema na bado akanyang'anywa alikotoka.

Na sisi wa Shinyanga tumekwisha kuonja kikombe hicho. Mwaka 1943, vita vikiwa bado vinawaka, Waingereza walituma watu Tanganyika kuja kupiga picha ya Men of Two Worlds, iliyotoka mwaka 1946 chini ya uongozi wa Thorold Dickinson. Hadithi yake ni ya Kisenga, Mtanganyika aliyesoma Ulaya akawa mtunzi na mpigaji wa piano, ambaye anarudi nyumbani kuwasaidia watawala kuwahamisha watu wa kijiji chake kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Mwenye kuijua historia ya mkoa huu atatambua mara moja kwamba jambo lenyewe ni letu, kwa kuwa Shinyanga ndiyo iliyokuwa makao makuu ya utafiti wa mbung'o katika Tanganyika, chini ya C. F. M. Swynnerton, na Wasukuma kwa maelfu walifyeka mapori kwa mikono yao ili ndorobo akose kivuli. Lakini Kisenga aliigizwa na Robert Adams wa Guiana ya Kiingereza, na mganga mpinzani wake akaigizwa na Orlando Martins wa Lagos. Wote wawili walikuwa waigizaji wa kuheshimiwa, waliopigana na milango ile ile ninayoisema, na sina neno juu yao. Neno langu ni kwamba waliotunga hadithi ya msomi wa Tanganyika waliridhika kuwa mweusi yeyote anatosha. Katika miaka ile ile Usiha, hapa hapa Shinyanga, ilikuwa na Kidaha Makwaia, mwana wa mtemi, aliyesoma Tabora, Makerere na hata Oxford, ambaye mwaka 1945 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria pamoja na Mangi Abdiel Shangali wa Machame, wakiwa Waafrika wa kwanza humo. Msomi wa kweli alikuwapo. Picha ilipendelea wa kubuni.

Hapa msomaji mwenye insafu ataniuliza swali lililo gumu. Je, uigizaji si kazi ya kuwa mtu mwingine? Ikiwa Mmisri asimwigize Mparsi, na mtu wa Guiana asimwigize Mtanganyika, si tutafika mahali pa kumtaka mfalme wa kweli kwa kila picha ya mfalme? Swali ni la haki, nami sikubaliani na wale wanaotaka kila sura ipimwe kwa nasaba kama ng'ombe wa mahari. Mwigizaji ana uhuru wa kuvaa nafsi ya mwingine, na uhuru huo ndio uhai wa sanaa. Lakini uhuru ukiwa wa upande mmoja si uhuru, ni upendeleo. John Wayne aliweza kuwa Mmongolia. Je, Mmongolia yupi aliweza kuwa mpanda farasi wa Texas? Mlango ukifunguka pande zote mbili, na aingie atakaye. Maadamu unafunguka upande mmoja tu, yule aliyeko nje ana haki ya kudai angalau chumba kilichojengwa kwa jina lake.

Kwa kipimo hicho naiona Vuta N'Kuvute kuwa kazi ya fahari. Riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999 inamhusu Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja ya miaka ya 1950, anayemkimbia mume mzee aliyeozwa kwake bila ya ridhaa, na katika kukimbia huko akakutana na Denge, kijana mwenye kupigania uhuru. Mwongozaji Amil Shivji, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, alipoigeuza kuwa picha, nafasi ya Yasmin alimpa Ikhlas Gafur Vora, na ya Denge akampa Gudrun Columbus Mwanyika. Picha hiyo ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata ndiyo iliyochaguliwa kuiwakilisha Tanzania katika mashindano ya Oscar. Uzuri wake mkubwa kwangu ni kwamba Yasmin haombi radhi kwa Uhindi wake wala haufichi. Anasema Kiswahili cha mji wake, anateseka kwa mila za watu wake, anapenda nje ya mipaka yao, na kila afanyalo ni la mwanamke wa Unguja. Mtazamaji halazimiki kuchagua kama huyu ni Mhindi au ni Mzanzibari. Hollywood yenye fedha zote zile haijapata kumpa mwanamke wa aina yake picha kama hiyo.

Lakini tusijisifu upesi. Katika vichekesho vyetu vya televisheni na vya simu, Mhindi ni mwenye duka bahili asemaye Kiswahili kilichovunjika, naye aghalabu huigizwa na mtu asiye Mhindi, kwa lafudhi ya kuchekesha. Mchina, ambaye siku hizi yuko nasi Kahama na Geita na mashine zake za kusaga mawe, huingia kwa sauti ya paka na kutoka. Wahindi ninaowajua mimi Shinyanga wamezaliwa hapa, baba zao walichambua pamba hapa, na Kisukuma chao kinawashinda vijana wengi wa mjini. Na uchungu wa mambo haya hatuhitaji kuusoma vitabuni, kwa maana Msukuma naye ameigizwa miaka mingi na watu wasiokanyaga Usukuma, akifanywa mshamba ashangaaye taa za barabarani, na lafudhi yake ikitiwa chumvi mpaka mama zetu hawaitambui.

Uko mfano mwingine wa karibu, nao ni mzito. Miaka ile watu wenye ualbino walipokuwa wakiwindwa na kuuawa katika mikoa hii ya Ziwa, Shinyanga na Geita zikiwamo, kwa imani ya kishenzi kwamba viungo vyao huleta dhahabu na utajiri, ilitengenezwa nchini picha ya White Shadow, iliyoongozwa na Noaz Deshe na kuonyeshwa Venice mwaka 2013. Ingewezekana kumpaka mtu poda, nao wapo ambao wangeona inatosha. Nafasi kuu alipewa Hamisi Bazili, kijana mwenye ualbino mwenyewe, na hofu iliyo machoni mwake hakuna poda iwezayo kuileta.

Iko hadithi moja ya mkoa huu ambayo naamini itafanywa picha siku moja, kwa sababu ina kila kitu ambacho wapiga picha hukitamani. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aliipata almasi ya Mwadui baada ya miaka ya kutangatanga na kufilisika. Mwaka 1947 jiwe la rangi ya waridi kutoka huko likapelekwa kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Na mwaka 1958 Williamson akafa akiwa bado mtu wa makamo, bila mke wala mtoto. Ndivyo isimuliwavyo. Lakini kando yake alikuwapo Iqbal Chopra, wakili Mhindi wa Mwanza, aliyemtegemeza kwa fedha na sheria na akawa mwenye hisa katika mgodi. Na walikuwapo Wasukuma waliochimba na kuchekecha kokoto ile kwa jua na kwa mvua. Naweza kuiona picha hiyo kama itakavyotengenezwa na wageni: Mkanada mbele, Mhindi wa kuazima mlangoni na makaratasi, Wasukuma mbali, hawana majina.

Nawaomba vijana wa Mwanza, Shinyanga, Kahama na Geita wenye kamera wasingoje. Iandikeni ninyi, na siku ya usaili tangazo libandikwe hekaluni, jamatkhana na madukani mwa Wahindi kama libandikwavyo stendi na magulioni; Msukuma wa Mwadui apewe jina na maneno ya kusema, kwa Kisukuma ikilazimu, na nafasi ya Chopra apewe Mhindi wa Kanda ya Ziwa.